SOMO LA HESABU: JE, TAARIFA ZINATOSHA?

Ukurasa wa daftari ukilowa maji, huenda tarakimu zikasalia na alama iliyokuwa kati yake ikafutika. Katibu mwenye haraka ya kulipa huandika alama anayoidhania. Somo hili laeleza namna ya kupima kama taarifa zilizopo zatosha kutoa jibu, kabla fedha za wanachama hazijatoka sandukuni.

Mfano. Mistari yote ya safu moja ya daftari ilifanywa kwa tendo moja la hesabu: kujumlisha, kutoa, kuzidisha au kugawanya. Alama imefutika, na mahali pake pamewekwa #. Mstari mmoja wasomeka 12 # 3. Jibu lake, ambalo ni shilingi anazodai mwanachama, nalo limefutika. Jibu hilo laweza kuwa 15, 9, 36 au 4.

Taarifa ya kwanza: mstari mwingine wasomeka 2 # 2 = 4. Kutoa huleta 0, na kugawanya huleta 1. Matendo hayo yaondolewe. Kujumlisha na kuzidisha yote mawili huleta 4. Basi jibu ni 15 au 36. Taarifa hii peke yake haitoshi.

Taarifa ya pili: mstari wa tatu wasomeka 5 # 1 = 5. Hii nayo ipimwe peke yake, ya kwanza ikiwa imefunikwa. Kujumlisha huleta 6, na kutoa huleta 4. Yabaki kuzidisha na kugawanya, yaani 36 au 4. Hii pia haitoshi.

Sasa taarifa zote mbili ziunganishwe. Tendo linalokubaliwa na zote ni kuzidisha tu. Mwanachama anastahili shilingi 36, na taarifa kwa pamoja zinatosha.

Jambo la kuangaliwa. Utoshelevu hutegemea swali lililoulizwa. Kama halmashauri ingeuliza tu, "Je, deni hili lazidi shilingi 10?", taarifa ya kwanza ingetosha peke yake, maana 15 na 36 zote huzidi 10. Tendo lenyewe lingekuwa bado halijulikani, lakini swali lingekuwa limejibiwa. Taarifa ya pili isingetosha, kwa kuwa 36 huzidi na 4 haizidi.

Zoezi. Yatakiwa jibu la 8 # 2. Taarifa ya kwanza ni 0 # 3 = 0; ya pili ni 6 # 1 = 6. Je, zinatosha?

Jibu. Hazitoshi, hata zikiunganishwa. Kila moja huacha kuzidisha na kugawanya, hivyo jibu laweza kuwa 16 au 4. Ushahidi wa pili umerudia yale yaliyosemwa na wa kwanza. Lakini mstari mmoja tu wa 4 # 2 = 8 ungemaliza shauri, kwani kuzidisha pekee ndiko kunakoleta 8.

Wingi wa karatasi mezani, basi, si utoshelevu wa ushahidi. Taarifa zikipungua, katibu asimame hapo, atafute nakala ya stakabadhi, amwite mwanachama alete yake, na malipo yangoje. Akikisia zaidi, chama hupoteza. Akikisia pungufu, mkulima hupunjwa jasho lake.