SOMO LA ROBO HII: KUCHAGUA KAYAKI YA WATU WAWILI KWA UVUVI NA MATEMBEZI YA ZIWANI



Somo letu la safari hii linahusu chombo ambacho sharika za kando ya Ziwa Nyasa zimeanza kukiandika katika maombi ya miradi, yaani kayaki ya watu wawili. Sababu zinazotolewa ni mbili. Ya kwanza ni kuwawezesha vijana kuvua kwa mshipi karibu na ufuko. Ya pili ni kukodisha kwa wageni wanaofikia katika hosteli za usharika na kupenda kutembea ziwani. Sababu zote mbili ni njema. Tunaandika somo hili kwa sababu sisi wenyewe ofisini tulikosea katika jambo hili, na kosa letu nusura ligharimu maisha ya vijana wawili.

Kosa letu

Tulipewa kayaki mbili zilizokwisha kutumika. Zilikuwa ndefu, nyembamba na za rangi ya kupendeza, za aina ambayo mtu huingiza miguu ndani ya tundu. Hatukuuliza zilitengenezwa kwa ajili ya maji gani wala kazi gani. Tulifanya makabidhiano, tukapiga picha, tukaandika taarifa.

Wiki ya pili vijana wawili walitoka nayo moja asubuhi wakiwa na ndoana. Mmoja alipoinama pembeni kumvuta samaki, kayaki ilipinduka. Maji yakajaa kwenye matundu, nao wakashindwa kuigeuza na kupanda tena. Hawakuwa na jaketi za kujiokolea kwa kuwa hazikuwamo katika bajeti. Aliyewaokoa ni mzee mmoja aliyekuwa akiinua nyavu zake jirani, naye alikuwa ndani ya mtumbwi wa gogo. Tunamshukuru Mungu kwamba walirudi nyumbani.

Katika kikao kilichofuata, mama mmoja mjumbe wa kamati alituambia hivi: "Ndugu zetu wa dayosisi, mlipotuletea ng'ombe wa maziwa mlituuliza kwanza kama tuna majani. Mbona safari hii hamkutuuliza habari za maji?" Hatukuwa na jibu. Somo hili ndilo jibu letu, ingawa limechelewa.

1. Anza na kazi

Kayaki asili yake ni chombo cha kazi. Ilibuniwa na watu wa nchi za baridi kali, kama Wainuit wa Greenland na Kanada, kwa ajili ya kuwinda wanyama wa baharini. Waliifunika juu kwa ngozi kwa sababu maji ya huko huweza kumuua mtu kwa baridi. Waunangan wa visiwa vya Aleutian, Alaska, walitengeneza pia zenye matundu mawili. Kwa hiyo lile tundu lililotushinda sisi lilikuwa jibu sahihi kwa tatizo la watu wengine.

Tatizo letu si baridi. Mvuvi wetu huinama, hugeuka, huvuta na kupakia. Mgeni wetu huenda hajawahi kushika kafi maishani. Chombo kinachotufaa ni kile kinachovumilia watu wa namna hiyo.

Aidha, tuseme wazi kwamba kayaki haichukui nafasi ya mtumbwi. Haifai kwa uvuvi wa usipa wa usiku wenye nyavu na taa, wala haiwezi kubeba vyungu vya Wakisi kwenda sokoni. Kazi yake ni ndoana na mshipi, mchana, karibu na ufuko. Kama kikundi kinategemea nyavu, fedha hizo zitafaa zaidi kukarabati mitumbwi.

2. Chagua ya wazi juu

Ziko aina kuu mbili za kayaki: ya tundu na ya wazi. Katika ya wazi watu hukaa juu ya bodi iliyozibwa pande zote, na matundu madogo hupitisha maji kutoka juu hadi chini. Wimbi likipanda, maji hujitoa yenyewe. Ikipinduka, huigeuza ukapanda tena bila kazi ya kuchota maji. Hasara yake ni kwamba utalowa, na huenda ikawa nzito kidogo. Kwa ziwa letu hasara hiyo inavumilika.

Zipo pia za kujaza upepo. Hizo ni nyepesi na rahisi kusafirisha, lakini upepo huzisukuma upesi, na ndoana, visu na mapezi ya samaki si marafiki zake. Hatuzipendekezi kwa uvuvi.

3. Upana kwanza, urefu baadaye

Ndugu zetu wa Pwani huwekea ngalawa matengo pande mbili ili isipinduke. Kayaki haina matengo, hivyo utulivu wake unatokana na upana na umbo la chini. Za watu wawili zinazofaa kwa uvuvi na matembezi huwa na upana wa sentimita 80 hadi 95 hivi, na urefu wa mita 3.6 hadi 4.3. Ndefu na nyembamba hukimbia vizuri na kushika njia, lakini huyumba mtu anapogeuka. Fupi na pana huenda polepole, ila humpa mvuvi nafasi ya kufanya kazi. Ukilazimika kuchagua kati ya mwendo na utulivu, chagua utulivu.

4. Uzito: fanya hesabu kwa kalamu

Kila kayaki huandikwa uzito wa juu inaoweza kubeba. Msiutumie wote. Kanuni nzuri ni kupakia asilimia 70 tu, kwa sababu chombo kilichojaa hukaa chini sana majini, huwa kizito kukiendesha na hupigwa na kila wimbi. Tuchukue mfano wa watu wazima wawili:

- Mvuvi wa kwanza: kilo 70
- Mvuvi wa pili: kilo 65
- Makafi, jaketi, maji ya kunywa na nanga ndogo: kilo 15
- Samaki na ndoo: kilo 20
- Jumla: kilo 170

Kayaki iliyoandikwa kilo 250 itawafaa, kwa kuwa asilimia 70 yake ni kilo 175. Iliyoandikwa kilo 180 haitawafaa, kwani asilimia 70 yake ni kilo 126. Hiyo haiwatoshi hata watu wenyewe, achilia mbali samaki. Katika matangazo ya biashara zote mbili zitaitwa "za watu wawili."

Angalieni pia uzito wa chombo chenyewe. Nyingi za plastiki za aina hii zina kilo 25 hadi 40. Hakikisheni watakaoitumia, wakiwamo akina mama, wanaweza kuibeba wawili kutoka majini hadi kivulini.

5. Viti, makafi na nafasi ya kazi

Katika kayaki ya wawili, wa nyuma ndiye huongoza njia na wa mbele ndiye huweka mwendo. Kwa kawaida mzito hukaa nyuma. Wasipopiga kafi kwa pamoja, makafi hugongana na nguvu hupotea. Tafuteni yenye viti vinavyosogezwa au nafasi ya kukaa katikati, kwa sababu ziko siku ambazo mmoja ataumwa na mwenzake atalazimika kutoka peke yake.

Makafi yawe ya bapa mbili, yenye urefu wa sentimita 230 hadi 250 kwa chombo kipana, nayo yafungwe kwa kamba yasichukuliwe na maji. Msilipie zaidi kwa ajili ya vishikio vya fimbo za kuvulia kama wavuvi wenu hutumia mshipi wa mkono. Lipieni nafasi ya wazi ya kuweka ndoo nyuma. Nanga ifungwe mbele au nyuma. Isifungwe ubavuni hata siku moja, kwa maana wimbi likivuta kamba ya ubavuni, chombo hulala. Kisu cha kukatia kamba kiwe karibu na mkono.

6. Matunzo

Plastiki huharibiwa na jua kali na huliwa na mawe. Ibebwe, isiburutwe, na ihifadhiwe kivulini. Kila baada ya safari fungueni kizibo mwone kama maji yameingia ndani ya bodi, kwa kuwa ufa mdogo huanza kimyakimya. Mtumbwi wa mbao una fundi kijijini. Plastiki ya kayaki haishiki gundi vizuri, na mara nyingi huhitaji kuunganishwa kwa joto. Kabla ya kununua ulizeni ni nani atakayeitengeneza, na yuko wapi.

7. Bei kamili na sheria

Ndugu wafadhili, hapa tunasema nanyi hasa. Bei ya kayaki peke yake si bei ya mradi. Ongezeni jaketi mbili zinazowaenea watumiaji, makafi mawili na moja la akiba, filimbi, kamba, banda la kuhifadhia, usafiri na siku za mafunzo. Fedha zisipotosha kayaki mbili na vifaa hivyo, nunueni moja yenye vifaa vyake.

Kamati nazo zimwone afisa uvuvi wa halmashauri kuhusu leseni na usajili, kwa mujibu wa Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003. Kabla ya kubeba wageni kwa malipo, ulizeni Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC) kuhusu masharti ya usalama.

Wekeni pia kanuni zenu wenyewe. Upepo wa kusini-mashariki, ambao wengi huuita mwera, huvuma kwa nguvu hasa kati ya Mei na Agosti, na kayaki huelea juu juu hivyo husukumwa upesi. Asitoke mtu upepo ukivuma kutoka nchi kavu kwenda ziwani. Midomo ya mito, kama ule wa Ruhuhu, ina mamba, na chombo kilicho wazi si mahali pa kukutana naye.

Zoezi la kamati

Kabla ya kulipa ombeni kukijaribu chombo. Watakaokitumia wakipeleke kwenye maji ya kimo cha kifua, wakiwa wamevaa jaketi, wakipindue kwa makusudi. Kisha wakigeuze na kupanda tena: mmoja akishikilia upande wa pili huku mwenzake akipanda. Wakishindwa mara tatu, chombo hicho si chenu, hata kama ni cha bure.

Kisha jadilini:
1. Nani hasa watakitumia, na je, wamo katika kikao hiki?
2. Siku ya upepo mbaya, nani ana mamlaka ya kusema "leo hapana"?
3. Kikipasuka mwaka wa pili, fedha ya matengenezo itatoka wapi?

Mtapenda kujua tulichokifanya. Zile kayaki mbili tumeziondoa ziwani, na tumewaandikia waliotupa tukiwaeleza ukweli wote. Hawakukasirika. Wamesema watachangia chombo kingine kitakachochaguliwa na kikundi chenyewe. Kikundi bado kinajaribu. Hawana haraka, na safari hii nasi hatuwaharakishi. Yule mzee wa mtumbwi tumemwomba awe mwalimu wao wa upepo, naye amekubali kwa sharti moja, kwamba kila atakayeingia majini avae jaketi. Yeye mwenyewe alikuwa hana. Sasa anayo.