Dondoo muhimu: Ili mgeni arudi

Mgeni hurudi pale alipoona kwa macho yake utunzaji wa mazingira ukifanyika. Kisiwani Chumbe, Zanzibar, mapaa ya nyumba 7 za wageni hukinga maji ya mvua, umeme ni wa jua, vyoo havihitaji maji, na miongoni mwa walinzi wanaowaongoza wageni kwenye matumbawe wamo waliokuwa wavuvi. Mweleze mgeni wako sababu ya kila kitu, tena mapema, kabla hajauliza.

Chumbani weka mtungi wa maji ya kunywa badala ya chupa za plastiki. Lakini usimpunguzie raha kwa kisingizio cha mazingira: godoro liwe zuri, chandarua kisiwe na tundu. Samaki nunua kwa wavuvi wa jirani, na pweza mdogo mkatae hata akiuzwa rahisi.