Damu ya Pwani na Damu ya Mlimani

Yapasa ijulikane, ndugu wasomaji, kuwa damu ni nyekundu kwa sababu ya protini iitwayo himoglobini, ichukuayo hewa kutoka mapafuni na kuifikisha katika viungo vyote. Protini ni mfano wa tasbihi: punje nyingi zilizofuatana katika uzi mmoja, nazo wataalamu huziita asidi amino. Himoglobini ina nyuzi nne za namna mbili, na uzi wa namna moja una punje 146. Mwaka 1957 Vernon Ingram alibainisha kuwa himoglobini ya mgonjwa wa selimundu yatofautiana na ya mwenziwe kwa punje moja tu katika uzi huo, nayo ni ile ya 6. Kwa punje hiyo moja, chembe za damu hujipinda kama mundu na kuziba mishipa midogo.

Basi mtu atauliza: ikiwa punje hii yadhuru, mbona haikutoweka? Jawabu lilipatikana hapa hapa Kenya. Mwaka 1949 Anthony Allison alizunguka nchi akipima damu za makabila. Karibu na pwani na Ziwa Viktoria aliwakuta wenye alama hii wapita 20 katika kila watu 100. Katika nyanda za juu hawakutimia hata mmoja. Tofauti hii haikufuata lugha wala ukoo. Wajaluo si wa lugha moja na watu wa pwani, lakini wamelingana nao. Na watu wa milimani, ambao lugha zao ni jamaa na za pwani, wametengana nao. Ilichofuata ni malaria. Katika mashamba ya juu ya Meru na Embu, mitelemkoni mwa Mlima Kenya, baridi humzuia mbu. Kwetu pwani mbu hana kizuizi.

Sharti tufahamu kuwa kila mtu hurithi sehemu mbili, moja kwa baba na moja kwa mama. Aliyerithi alama moja huwa mzima, na uchunguzi wa Kilifi umeonyesha kuwa hukingwa na malaria kali kwa kiasi cha karibu 90 katika 100. Aliyerithi mbili huugua. Kwa hiyo penye malaria wenye alama moja waliokoka na kuzaa. Pasipo malaria faida haikuwako, yakabaki madhara. Huku ndiko kuitwako uteuzi wa maumbile.

Kanuni hii yapita pia katika wanyama. Insulini ya ng'ombe yatofautiana na ya mtu kwa punje 3 katika 51, na kwa miaka mingi iliwafaa wagonjwa wa kisukari. Kwani mahali pafanyapo kazi hapakubadilika. Badiliko liharibulo kazi halidumu.

Ama faida ya elimu hii ni kubwa. Aliyehamia Meru kwa biashara hakuiacha damu yake Mombasa. Watoto wake watairithi huko huko. Wawili wenye alama wakioana, kila mimba ina khatari moja katika nne ya kuzaa mgonjwa. Mtoto huyo hakurogwa wala hakulaaniwa, na mama yake hana lawama. Wala asidhaniwe amekingika: malaria kwake ni khatari kubwa, basi alale ndani ya chandarua na apelekwe kwa daktari mapema. Nao wachumba wapimwe damu kabla ya posa kukamilika, si baada ya msiba.