Kusoma Kozi za Bure Mtandaoni Ukiwa Kijijini: Hatua Ninazofuata

Ninafundisha shule ya msingi wilayani Chemba. Walimu wenzangu huniuliza kama kozi za bure za mtandaoni zinamfaa mtu anayeishi mbali na chuo. Zinafaa sana, mradi ujue kuwa bure hiyo ina gharama: bando, chaji, muda, na Kiingereza kigumu. Mimi hufanya hivi.

1. Anza na shida yako. Usitafute kozi kwanza. Tafuta kinachokukwamisha darasani. Mimi nilihitaji mbinu za kufundisha watoto wengi kwa vitabu vichache, baadhi yao wakizungumza Kirangi, Kisandawe au Kiburunge nyumbani. Nilizipata TESSA, mradi wa mafunzo ya walimu ulioanza mwaka 2005 chini ya Chuo Kikuu Huria cha Uingereza, huku Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kikiwa mshirika. Masomo yake yapo pia kwa Kiswahili, tena unaruhusiwa kuyachapa, kuyagawa na kuyarekebisha. Kwa mfano, hesabu ya maembe naigeuza kuwa ya magunia ya alizeti, na watoto wanaielewa upesi.

2. Pakua, kisha soma bila intaneti. Nikiwa Dodoma mjini, penye mtandao mzuri, napakua vya kunitosha. Chagua maandishi kabla ya video, maana video humaliza bando. Tovuti ya OpenLearn, kwa mfano, inakuruhusu kupakua maandishi ya kozi zake nyingi.

3. Soma na wenzako. Tovuti za kozi za Coursera na edX zilipoanza mwaka 2012, ziliahidi kufungua milango ya vyuo vikuu kwa dunia nzima. Mamilioni waliingia, lakini katika kozi nyingi za namna hiyo wanaomaliza hawafiki hata 15 kwa kila 100. Ukisoma peke yako, hakuna atakayekuuliza umefikia wapi. Sisi hukaa pamoja baada ya vipindi. Mmoja anasoma, mwenye Kiingereza kizuri anafafanua kwa Kiswahili, kisha tunajadili.

4. Jua thamani ya cheti. Cheti cha kozi fupi ya bure hakikupandishi daraja. Ukitaka shahada, omba chuo kinachotambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU). Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kina kituo Dodoma, nawe unaweza kusoma huku ukiendelea na kazi. Kozi ya bure itumie kujipima kabla hujalipa ada.

5. Fundisha ulichojifunza wiki hiyohiyo. Somo lisiloingia darasani husahaulika haraka.

Kwa viongozi wetu wa elimu: kompyuta moja yenye masomo yaliyokwisha kupakuliwa, ikiwekwa katika kila kituo cha walimu, itawafikia hata wale wasio na bando. Nawe mwalimu mwenzangu, usingoje semina. Chagua somo moja leo, lipakue, umwite jirani yako msome pamoja.