Chungu kimoja, sahani ya mtoto

Swali: Mwanangu ametimiza miezi 6. Nimpikie uji wake peke yake, au anaweza kula ugali, maharage na mchicha tunaokula sisi?

Jibu: Mpe kutoka chungu cha familia, ila uchote sehemu yake kabla ya kutia chumvi na pilipili. Akiba ya madini ya chuma aliyozaliwa nayo hupungua karibu na umri huu, na maziwa ya mama, ambayo aendelee kunyonya hadi miaka 2 au zaidi, hayana chuma cha kutosha kuziba pengo hilo. Uji mwepesi wa mahindi nao hauzibi. Unajaza maji tumbo dogo. Ugali uliolainishwa kwa mchuzi mzito wa maharage, mchicha uliopondwa, yai lililoiva, maini yaliyosagwa au dagaa waliotwangwa hadi wakawa unga, hivyo ndivyo vinavyomjenga, na dagaa si ghali.

Wapo watakaokuambia tumbo lake haliwezi maharage. Linayaweza yakiiva sana na kupondwa vizuri. Mwanzoni ondoa maganda. Hofu ya kupaliwa ina msingi zaidi. Chakula kiwe laini lakini kizito, kikae kwenye kijiko bila kumiminika. Karanga zisagwe, miiba itolewe, naye aketi wima ukimtazama. Asali isubiri atimize mwaka, kwani yaweza kubeba vijidudu vinavyotengeneza sumu hatari tumboni mwake. Anza na vijiko 2 au 3, mara 2 kwa siku. Akigeuza uso usimlazimishe. Mjaribu tena kesho.