Jimmie Rodgers na Wimbo wa Wakipsigis

Kule Marekani kuna muziki uitwao kantri, yaani nyimbo za watu wa mashamba na vijiji, ziimbwazo kwa gitaa na fidla. Wenyewe humwita Jimmie Rodgers baba wa muziki huo. Huenda wasomaji wengi hawajapata kumsikia; lakini huko Kenya, katika nchi ya Wakipsigis, jina lake liliimbwa na wasichana ambao hawakumwona kamwe. Na tueleze jinsi lilivyofika huko.

Jimmie alizaliwa tarehe 8 Septemba, 1897, na mji aliouita kwao ni Meridian, katika jimbo la Mississippi. Baba yake alikuwa msimamizi wa wafanya kazi wa reli. Kijana naye akaingia kazi hiyo hiyo, kwanza kuwapelekea vibarua maji, halafu kufunga breki za mabehewa. Vibarua wengi walikuwa watu weusi, na nyimbo zao za huzuni, ziitwazo bluzi, zilimwingia moyoni. Sidhani kama alipata shule bora kuliko hiyo.

Mwaka 1924 waganga wakamwambia ana kifua kikuu. Siku zile dawa ya kukiponya haikuwapo. Streptomaisini iligunduliwa mwaka 1943. Kazi ya reli ikamshinda, naye ana mke na mtoto wa kulisha. Basi akaishika gitaa kama mtu ashikavyo jembe.

Mwezi wa Agosti 1927 akaenda Bristol, mjini ambako Ralph Peer alikuwa akitia sauti za waimbaji katika santuri za kampuni ya Victor. Wenzake wa bendi waligombana naye, wakamwacha, naye akaimba peke yake. Miezi michache baadaye akaimba “Blue Yodel”, na jina lake likaenea Marekani nzima. Yodeli ni kuimba bila maneno: sauti hutoka kifuani, mara huruka juu ikawa nyembamba, kisha hurudi chini. Watu wa milima ya Uswisi huimba hivyo tangu zamani. Jimmie aliichanganya na bluzi ya watu weusi, na mwaka 1930 Louis Armstrong mwenyewe alimpigia tarumbeta katika santuri moja.

Ugonjwa haukumwacha. Aliutungia hata wimbo, “T.B. Blues”. Mwezi wa Mei 1933 alikwenda New York kutia sauti nyimbo zake za mwisho. Wakamwekea kitanda, akawa anaimba, analala, anaamka, anaimba tena. Alifariki tarehe 26 ya mwezi huo, umri wake miaka 35. Maiti yake ilirudishwa nyumbani kwa gari la moshi.

Lakini santuri haifi na mwenyewe. Wageni walipeleka gramafoni katika nchi ya Wakipsigis, na watu wakaisikia ile sauti irukayo. Lugha yao haina sauti ya J, hivyo “Jimmie Rodgers” likawa “Chemirocha”. (Msomaji alitamke upesi, ataona.) Nao walijiuliza, mwimbaji huyu ni kiumbe gani? Wakasema ni nusu mtu, nusu paa.

Mwaka 1950 Hugh Tracey, Mwingereza aliyezunguka Afrika akikusanya nyimbo, alifika huko na mashine yake. Akakuta nyimbo za Chemirocha zinazopigwa kwa chepkong, kinanda chao cha nyuzi. Katika mmoja wao wasichana humwita Chemirocha aje acheze, aruke hata nguo zimdondoke! Hakuna gitaa humo wala reli. Si wimbo wa kuiga. Ni wa Kipsigis kabisa, na mimi naupenda kuliko santuri nyingi za Jimmie mwenyewe.

Kwa muda mrefu sauti hizo zilikaa katika maktaba ya Tracey, Afrika ya Kusini, mbali na wenyewe. Zaidi ya miaka 60 baadaye watunzaji wa maktaba walizirudisha vijijini. Wakamkuta mzee mmoja aliyekuwamo siku ile ya mwaka 1950, naye akajisikia akiimba ujanani.