Wiki Moja Taizé: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Maagizo haya ni ya kijana wa miaka 15, 16 au 17 anayetumwa na parokia au usharika wake kwenda Taizé, kijiji kidogo cha Burgundy, Ufaransa, ambako vijana wa nchi nyingi hukutana kusali kwa juma zima. Mwanangu, huendi kutalii. Wazazi wamejinyima, wanakwaya wamechanga, na wapo wenzako waliotamani nafasi hiyo wakaikosa. Soma hadi mwisho kabla hujafunga begi.

Jua unakokwenda. Mwezi wa Agosti 1940, kijana wa Uswisi aitwaye Roger Schutz, mwenye umri wa miaka 25, alifika Taizé kwa baiskeli wakati Ufaransa imeshindwa vita na kugawanywa vipande viwili. Alinunua nyumba, akawaficha wakimbizi humo, Wayahudi wakiwemo. Mwaka 1942 alichongewa kwa kuwaficha watu hao, ikambidi akae Geneva hadi aliporejea 1944. Pasaka ya 1949 mabruda saba wa kwanza wa jumuiya aliyoianzisha waliweka nadhiri za maisha. Walianza Waprotestanti, baadaye Wakatoliki wakajiunga, na hadi leo ni jumuiya moja. Bruda Roger aliuawa kwa kisu tarehe 16 Agosti 2005, katikati ya sala ya jioni, akiwa na miaka 90. Amezikwa nje ya kanisa dogo la kijiji. Nenda kaburini pake. Na kabla ya safari, watafute watu wazima waliohudhuria mikutano ya Taizé ya Nairobi mwaka 2008 au Kigali mwaka 2012, uwaulize walichokiona.

Usicheze na karatasi. Aliye chini ya miaka 18 huenda na kiongozi mtu mzima, wala hakuna njia ya mkato. Andaa ridhaa ya wazazi au walezi kwa maandishi, cheti cha kuzaliwa, tiketi ya kurudi, na bima ya safari isiyopungua euro 30,000. Maombi ya viza ya Schengen hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari. Anayesubiri wiki tatu za mwisho amejinyima mwenyewe.

Usitoroke. Hili nalisema waziwazi kwa sababu watu hulisema pembeni. Viza uliyopewa ni ya kwenda na kurudi. Ukipotelea Paris au Lyon, unamwacha kiongozi wako mikononi mwa polisi akijibu maswali, na kundi litakaloomba viza baada yako litatazamwa kwa jicho la shaka. Wewe nawe unabaki mtoto asiye na karatasi katika nchi ngeni, na wanaowatafuta watoto wa namna hiyo hawawatafuti kwa wema. Kama kuna mjomba anayekunong'oneza ubaki huko, mwambie baba na mama. Kama wanaokunong'oneza ni baba na mama, mwambie padre au mchungaji.

Beba begi la kulalia, sweta nzito, koti la mvua, tochi, viatu vinavyostahimili matope, na adapta ya umeme, maana soketi za Ufaransa ni za pini mbili za mviringo. Julai mchana kuna joto kali, lakini usiku kwenye hema unaweza kutetemeka.

Usichague chakula. Asubuhi ni mkate, siagi, chokoleti na kinywaji cha moto kwenye bakuli. Mchana na jioni ni sahani moja na kijiko kimoja. Hakuna ugali. Kula, ushukuru, upange foleni kama wengine.

Fanya kazi uliyopangiwa. Taizé haiendeshwi na wafanyakazi wa hoteli. Vijana wenyewe ndio wanaogawa chakula, kuosha masufuria na kusafisha vyoo. Ukipangiwa vyoo, safisha vyoo, tena vizuri. Asikudanganye mtu kwamba mgeni aliyetoka mbali hupewa kazi nyepesi. Mabruda wenyewe hula jasho lao, kwa ufinyanzi na kazi nyingine za mikono, na hawapokei zawadi wala urithi kwa ajili yao.

Kwa hiyo nawe usiombe msaada. Usimgeuze kijana wa Ujerumani au Poland kuwa mfadhili siku ya pili tu ya kufahamiana. Usisimulie dhiki za kwenu ili upewe simu yake kuukuu. Akikuuliza maisha ya nyumbani, mweleze yote: shule, mpira, foleni za maji, harusi, kwaya, mitihani. Umeketi naye kwenye kundi la Biblia kama ndugu aliye sawa naye. Usiivunje heshima hiyo kwa mikono yako.

Nyamaza. Hapa ndipo vijana wetu wengi hushindwa, na hapa ndipo nisipolegeza hata kidogo. Sala ni mara tatu kwa siku, na kengele hulia kuziita. Watu huketi sakafuni katika Kanisa la Upatanisho, lililojengwa kwa mikono ya Wajerumani wa kujitolea na kufunguliwa mwaka 1962, miaka 17 tu baada ya vita. Mabruda hukaa katikati wakiwa na kanzu nyeupe. Nyimbo ni fupi, mstari mmoja au miwili unaorudiwa mara nyingi. Nyingi za mwanzo zilitungwa na Jacques Berthier, mpiga kinanda wa Paris. Kisha kila mtu hukaa kimya. Si kimya cha kuvuta pumzi na kusema amina. Ni dakika nyingi, bila kinanda wala mtu wa kukuongoza.

Sisi tumelelewa kwa ngoma, pambio na maombi ya sauti kubwa, na hayo ni mema. Lakini usiseme kwamba hawa hawana Roho kwa sababu hawapigi kelele. Siku ya kwanza utaona dakika haziishi. Utafikiri njaa, utafikiri simu, utafikiri ugomvi uliouacha nyumbani. Kaa hapohapo. Usitoke, usimkonyeze jirani, usipige picha. Mkabidhi Mungu hayohayo yanayokusumbua, kwa maneno machache au bila maneno. Ukitaka kimya zaidi, teremka kwenye bustani ya chemchemi ya Saint-Étienne, na huko pia funga mdomo.

Ijumaa jioni ikoni ya msalaba hulazwa sakafuni, na watu huusogelea mmoja mmoja na kuweka paji la uso juu yake. Nenda kama moyo unakupeleka, usiende kwa sababu rafiki amekwenda. Jumamosi jioni mishumaa huwashwa kwa ufufuko.

Usibishane kuhusu madhehebu wakati wa chakula. Uliza, sikiliza. Kuhusu komunyo, fuata ulivyofundishwa na kanisa lako. Upo pia mkate uliobarikiwa kwa wasioshiriki.

Usigande na wenzako wa Kiswahili. Asubuhi mpaka usiku mko kundi moja mkicheka kwa lugha yenu, mtarudi mmekutana na nani? Kiingereza cha kuvunjika kinatosha. Wengi mtakaokutana nao nao wanavunja.

Jilinde. Mwaka 2019, Bruda Alois, aliyekuwa mkuu wa jumuiya wakati huo, alitangaza hadharani kwamba kuna watu waliodai kunyanyaswa kingono na mabruda kati ya miaka ya 1950 na 1980. Alifanya vema kusema. Nawe jifunze hapo: kanzu, umri au cheo havimpi mtu ruhusa ya kukugusa wala kukuita faragha. Baada ya sala ya jioni mabruda hubaki kanisani kuwasikiliza wanaotaka kuzungumza. Zungumza nao hapohapo, mbele ya watu. Likitokea lolote, mwambie kiongozi wako usiku huohuo, usingoje mrudi nyumbani. Kiongozi naye asithubutu kukwambia unyamaze kulinda jina la kanisa. Pombe usiiguse, na usiku usitoke nje ya eneo.

Ukirudi, usianzishe chama. Taizé haina wanachama wala kadi. Huwarudisha vijana kwenye makanisa yao. Jumapili inayofuata uwe kwenye nafasi yako ya kwaya. Waliokuchangia wape taarifa ana kwa ana, kila mmoja, pamoja na hesabu ya fedha zilizobaki.